Pale Msimulizi Anapokataa Tamati: Mwisho wa Vita katika Tenzi za Kiswahili na katika Simulizi za Wagusii

Makala hii inakusudia kuchunguza kipengele kimoja cha fani ambacho wahakiki wa fasihi ya Kiswahili wamekigusa kwa nadra, nacho ni namna msimulizi wa vita anavyofikia mwisho. Hatukusudii kusimulia upya vita vyenyewe. Kazi hiyo wameifanya wanahistoria, na kwa upande wa Gusii vitabu vya William Ochieng' (1974) na Robert Maxon (1989) vingali rejea ya lazima. Swali letu ni la kifasihi: nani ana mamlaka ya kutamka kwamba vita vimekwisha, hutamka kwa fani gani, na hadhira huachwa katika hali gani baada ya tamko hilo? Mifano yetu itatoka pande mbili. Upande mmoja kuna tenzi za vita, ambazo kila mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili huzikuta darasani. Upande wa pili kuna simulizi za Kisii na Nyamira, ambazo wanafunzi wetu hutuletea kila mwaka kama kazi za nyanjani, nasi aghalabu huzisoma kwa haraka, tukatia alama na kuziweka kando.

Naomba nianze na kosa langu mwenyewe, kwani ndilo lililozaa makala hii. Miaka kadhaa iliyopita mwanafunzi mmoja aliniletea simulizi aliyoipata kwa bibi yake huko Nyamira. Alikuwa ameinakili kwa Ekegusii upande wa kushoto wa ukurasa na kuitafsiri kwa Kiswahili upande wa kulia. Ilihusu baba mkubwa wa huyo bibi, aliyechukuliwa mwaka 1917 kwenda kubeba mizigo ya jeshi la Waingereza. Bibi anaeleza jinsi jembe lilivyoachwa limeegemezwa ukutani, jinsi vijana walivyopangwa mistari, jinsi walivyoshuka bonde baada ya bonde kuelekea Kisumu. Wanafika mto Sondu, wanavuka. Hapo bibi ananyamaza. Mwanafunzi anauliza: "Halafu?" Naye anajibu: "Amefika hapo."

Kwa wino mwekundu nilikata neno "amefika" nikaandika "alifika". Pambizoni nikaongeza: "Simulizi haijaisha. Tafuta msimulizi mwingine." Nikampa alama za wastani.

Ukurasa uliofuata, ambao nilikuwa nimeupitia kwa jicho moja tu, mwanafunzi alikuwa ameeleza kwamba wajukuu wote wa bibi huyo waliisikia simulizi hiyo mara nyingi, na kwamba kila mara huishia papo hapo, kwa neno lilo hilo. Kwa hiyo sikuwa mbele ya mzee aliyechoka au aliyesahau. Nilikuwa mbele ya fanani aliyejua vyema anakoishia.

Nyakati za vitenzi na nyakati za vita

Tofauti baina ya "alifika" na "amefika" tunaifundisha katika mwaka wa kwanza, kisha tunaisahau tunapoingia katika uhakiki. Kiambishi -li- hulitenga tendo na wakati wa usemaji, limetendeka, limepita. Kiambishi -me- huleta hali inayoendelea kuwapo: aliyefika yupo alikofika. Zaidi ya hayo kuna -ka-, ambacho ndicho injini ya usimulizi wa Kiswahili. Akatoka, akashuka, akavuka: kila -ka- inaidai -ka- nyingine, na hadhira iliyozoea mtiririko huo huhisi imedhulumiwa unapokatika. Bibi wa Nyamira anauanza mtiririko, anaufikisha mtoni, kisha anaugeuza kuwa -me-. Mwanafunzi, ambaye Ekegusii ni lugha yake ya kwanza, aliiteua -me- akijua anachofanya. Mimi ndiye niliyemrudisha yule mtu katika wakati uliopita, jambo ambalo jamaa zake hawakuwa wamelifanya kwa karibu miaka 100.

Sasa tutazame jinsi vita hivyo vilivyoisha kwa tarehe. Barani Ulaya silaha ziliwekwa chini tarehe 11 Novemba 1918. Afrika Mashariki jenerali wa Kijerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, alikuwa bado akipigana katika eneo ambalo leo ni Zambia. Habari zilimfikia siku mbili tatu baadaye, naye akasalimisha jeshi lake rasmi huko Abercorn, yaani Mbala, tarehe 25 Novemba. Vita vimoja, basi, vina miisho miwili iliyoandikwa, na baina yake kuna majuma mawili ambamo wapagazi waliendelea kubeba. Wapagazi walioandikishwa na Waingereza katika kampeni hiyo nzima walikaribia milioni moja, na waliokufa, wengi wao kwa maradhi na njaa, wanakadiriwa kukaribia 100,000. Aliyeteuliwa mwaka 1917 kusimamia uandikishaji nchini Kenya alikuwa John Ainsworth, aliyekuwa mkuu wa mkoa wa Nyanza. Haishangazi kwamba nyumba nyingi za Gusii, Luo na Luhya zina mtu wa namna hii katika nasaba zao, mtu ambaye jina lake lipo na kaburi lake halipo. Mishahara ya wengi waliokufa haikuwahi kuwafikia jamaa zao.

Kwa bibi wa Nyamira hakuna hata moja ya tarehe hizo iliyotumika. Hakuna barua iliyofika, hakuna mwenzake aliyerudi na habari. Je, atumie kiambishi gani?

Mnara ulioahidi majina

Kumbukumbu ya Kiswahili iliyo maarufu zaidi kuhusu wapagazi hao haimo kitabuni. Imo katika sanamu za shaba zilizosimamishwa Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam katika miaka ya 1920. Ile ya Nairobi, iliyopo katika barabara ambayo sasa huitwa Kenyatta Avenue, ina watu watatu, na mmoja wao ni mpagazi asiye na bunduki. Chini yake kuna maandishi kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili, ambayo asili yake ni maneno ya Rudyard Kipling. Kiini cha maneno hayo ni ahadi: anayekufa akiipigania nchi yake atakumbukwa kwa jina na watoto wake.

Nimewahi kuwapeleka wanafunzi pale nikawaomba wayahakiki maandishi hayo kama matini ya fasihi, bila ya kwanza kuwaambia mtunzi wake. Mmoja aliuliza swali ambalo sijasikia bora kuliko hilo: "Majina yako wapi?" Jiwe linaahidi jina huku halina jina hata moja la mpagazi. Kazi ya kukumbuka imetupiwa watoto, kana kwamba watoto walikuwa na orodha. Tena kuna neno "nchi yako". Kwa kijana wa Gusii mwaka 1917, nchi hiyo ilikuwa ipi? Miaka mitatu kabla ya hapo, tarehe 12 Septemba 1914, Wajerumani na Waingereza walikuwa wamepigana katika mji wa Kisii wenyewe. Maafisa wa serikali walikuwa wameuhama mji, nao wenyeji wakazivamia ofisi, maduka ya Wahindi na hata misheni za Nyabururu na Nyanchwa, wakidhani kwamba utawala wa Waingereza umekwisha. Haukuwa umekwisha. Walirudi, wakachoma nyumba na kutwaa ng'ombe. Huu nao ni mwisho wa vita uliotangazwa kabla ya wakati wake, safari hii na Wagusii wenyewe, na waliulipia kwa mifugo.

Kwa kupita tu niseme kwamba ukumbusho ulioenea zaidi ya sanamu zote ni jina la soko. Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi ni jina la kikosi cha wapagazi lililotamkwa kwa ulimi wa Kiswahili. Watu hununua vitenge na vyondo katikati ya jina hilo kila siku bila ya kulisikia.

Tamati ya utenzi

Utenzi wa Kiswahili una desturi ya kufunga. Mtunzi hufika tamati, hutaja jina lake, aghalabu hutaja tarehe na idadi ya beti, kisha huomba dua. Desturi hii haikuletwa na ushindi. Hemedi Abdallah el-Buhriy alitunga utenzi wake kuhusu Wajerumani kuitwaa Mrima akiwa upande wa walioshindwa, na Abdul Karim bin Jamaliddini alitunga wake kuhusu Maji Maji katika nchi iliyokuwa bado inanuka moshi. Hivyo ni kosa kudai, kama ninavyosoma katika baadhi ya tasnifu, kwamba utenzi ni fani ya washindi. Lakini ni kweli kwamba hata mshindwa, akiingia katika utenzi, hupewa mlango wa kutokea. Beti huhesabiwa. Yaliyobaki huachiwa Mungu.

Mfano ulio tata zaidi ni Utenzi wa Vita vya Uhuru wa Shaaban Robert, wenye beti zipatazo 3,000, uliochapishwa mwaka 1967, miaka mitano baada ya mtunzi kufariki. Kazi hii inahusu Vita vya Pili vya Dunia, na jina lake kamili linabeba miaka, 1939 hata 1945. Mwisho umetangulia mwanzo. Msomaji anajua kabla ya ubeti wa kwanza kwamba vita hivi vimefungwa. Lipo pia neno "uhuru". Mtunzi alikuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni ya Tanganyika alipoandika, raia wa nchi isiyo huru akiusifu uhuru uliopiganiwa Ulaya na Asia. Kufikia 1967 neno hilo lilikuwa limepata bendera, na vijana waliokitwaa kitabu dukani huenda walitarajia habari za kupigania uhuru wa Afrika. Baadhi ya wahakiki wamemlaumu Shaaban Robert kwa hili. Kwa maoni yangu lawama hiyo ni nyepesi. Neno likitamkwa na mtu asiyelimiliki huanza kumdai aliyelitoa, na utenzi huu, upende usipende, uliwauliza watawala swali ambalo hawakuwa tayari kulijibu mwaka 1945.

Hata hivyo, mpaka wa mwaka 1945 unabaki kuwa mpaka wa makao makuu. Askari wa Afrika Mashariki waliopigana Burma hawakurudishwa wote mwaka huo. Wengi walisubiri meli hadi 1946. Katika simulizi mbili tatu nilizopokea kutoka Kitutu, mwisho wa vita hivyo ni siku fulani ambayo mbwa wa nyumbani alimbwekea mtu mwenye koti zito na buti, kisha akamtambua. Hakuna tarehe, na Hitler hatajwi.

Kichwa na mkataba

Nimesema kwamba baadhi ya simulizi za Wagusii zinakataa tamati. Simulizi inayoikataa kwa nguvu kuliko zote ni ile ya Otenyo. Mambo yanayokubalika na wote ni haya. Waingereza waliivamia Kitutu mwaka 1905, wakaanzisha kituo cha utawala Kisii mwaka 1907, na Januari 1908 Otenyo akamchoma mkuki ofisa wao, G. A. S. Northcote. Simulizi humtaja Moraa, mbashiri na mganga, kuwa ndiye aliyempa moyo wa kutenda. Northcote hakufa. Kikosi cha kuadhibu kilitumwa, watu wengi wakauawa na mifugo ikachukuliwa, kiasi kwamba Winston Churchill, aliyekuwa naibu waziri wa makoloni, alilalamika kwa maandishi juu ya mauaji ya watu wasioweza kujitetea. Kisha serikali ikaandika kwamba amani imerejea. Northcote alipanda ngazi hadi akawa gavana wa Hong Kong, 1937 hadi 1941. Kwa upande wa kumbukumbu za serikali, hadithi imefungwa na muhuri.

Simulizi ya Gusii inasema kwamba Otenyo aliuawa, kichwa chake kikakatwa na kupelekwa Uingereza. Katika matini karibu zote nilizosoma, fanani hamalizi kwa kifo. Humaliza kwa swali kwa hadhira: kichwa kiko wapi? Wanafunzi wamezoea kuliita swali hilo "balagha", yaani swali lisilohitaji jibu. Sikubaliani nao. Swali hili linahitaji jibu, na ndiyo sababu wazee wa Gusii wameendelea kulipeleka kwa serikali hadi katika karne hii. Kuliita balagha ni kulinyang'anya meno.

Ili kuona uzito wake inafaa tuvuke mpaka hadi Uhehe, Tanzania. Mtwa Mkwawa alijiua mwaka 1898 akikwepa kukamatwa na Wajerumani, nao wakakikata kichwa chake. Mkataba wa Versailles wa 1919, uliotia saini mwisho wa Vita vya Kwanza vya Dunia, ulikuwa na kifungu cha 246 kilichoitaka Ujerumani itoe fuvu la Mkwawa katika muda wa miezi sita. Hapa ndipo matini rasmi ya mwisho wa vita inapokubali, kwa mara moja ya ajabu, sharti la simulizi ya Kiafrika: kwamba vita havijaisha mpaka kichwa kirudi. Miezi sita ikawa miaka 35. Fuvu lilikabidhiwa Kalenga mwaka 1954, mkononi mwa gavana wa Kiingereza, Edward Twining.

Kwa nini Mkwawa na si Otenyo? Jibu ni jepesi na linauma. Fuvu la Mkwawa lilidaiwa kutoka kwa aliyeshindwa. Kichwa cha Otenyo, kama simulizi inavyodai, kilikuwa kwa aliyeuandika mkataba. Mshindi haandiki kifungu cha kujidai mwenyewe. Matokeo yake kifasihi ni kwamba Wahehe waliweza kuipa simulizi yao sura ya marejeo, jumba la makumbusho na siku ya kukumbuka, ilhali Wagusii wamebaki na swali. Tofauti ya fani imetoka katika tofauti ya madaraka. Mhakiki anayelinganisha simulizi hizi mbili na kusema kwamba ya kwanza "imekomaa" zaidi anahakiki mkataba bila ya kujua.

Mwandishi mmoja wa Kiswahili ameielewa fani hii ya kukataa, naye ni Ebrahim Hussein. Kinjeketile, katika tamthilia iliyochapishwa mwaka 1969, anakataa kutamka kwamba maji yalikuwa uongo, ijapokuwa vita vimekwisha kushindwa na kukiri kungemwokoa na mateso. Anajua kwamba neno hilo lingevifunga vita kwa ajili ya watoto ambao bado hawajazaliwa. Ni ajabu kwamba tunaisifu hatua hiyo jukwaani na kuikatia alama katika daftari la mwanafunzi.

Osaosao, Mogori na Chebilat

Isidhaniwe kwamba ninataka kuwafanya Wagusii walimu wa dunia katika jambo hili. Ipo simulizi yao iliyofungwa barabara. Mwishoni mwa karne ya 19 walipambana na Wakipsigis katika vita ambavyo Wagusii huviita Osaosao na Wakipsigis huviita Mogori, nao Wagusii wakashinda vibaya sana. Ukisikia kisa hicho kikiimbwa kwa obokano, hakuna swali mwishoni. Kuna vigelegele. Upande wa pili wa mpaka, jina Mogori ni jina la msiba wa vijana waliokwenda wasirudi. Nalo, kwa masikio yangu, linafanana sana na yule mtu aliyefika Sondu.

Laiti jambo hili lingekuwa la wanafunzi wa fasihi peke yao. Mwaka 1992, na tena baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, mpaka wa Borabu na Sotik uliwaka moto, na soko la Chebilat likawa jina la hofu. Kazi za nyanjani nilizopokea kutoka Borabu baada ya hapo zilinifundisha kitu kuhusu simulizi zilizofungwa. Vijana waliozaliwa karibu miaka 100 baada ya Osaosao walikuwa wakiisimulia kana kwamba ni hati ya shamba: tulishinda, basi yetu. Tarehe 28 Februari 2008 makubaliano ya kitaifa yalitiwa saini Nairobi, nchi ikashusha pumzi, magazeti yakaandika kwamba ghasia zimekwisha. Matini za Borabu za mwaka uliofuata zilijaa -me-. Tumehama. Wamechoma. Ng'ombe wamekwenda. Nikahesabu, kwa udadisi wa mwalimu wa sarufi, na katika matini moja ya kurasa nne sikukuta -li- hata moja baada ya ukurasa wa kwanza.

Mwenzangu mmoja wa idara, alipoisoma rasimu ya makala hii, alinipinga. Alisema simulizi iliyoachwa wazi hurithiwa kama deni, na deni la damu hutafuta wa kulilipa. Afadhali bibi angesema "alikufa" watu wakaenda kulima. Sina jibu la kumnyamazisha. Ni kweli kwamba wazi hugeuzwa kuwa kisasi. Lakini niangaliapo mifano niliyonayo, walioshika silaha Borabu hawakuwa wakinukuu simulizi zilizoachwa wazi. Walikuwa wakinukuu zile zilizokwisha kwa ushindi. Simulizi ya Sondu sijasikia ikimtuma mtu popote. Inamzuia tu kusema kwamba mambo yamekwisha wakati hayajakwisha, na katika nchi yetu hilo si jambo dogo.

Upo upande wa kazi pia. Katika ukusanyaji wa fasihi simulizi tumekuwa tukiwafundisha wanafunzi wayaondoe maswali ya hadhira ili matini isomeke vizuri. Kama mwanafunzi wangu angenitii, neno "Halafu?" lingetoweka, na pamoja nalo jibu. Tunawafundisha pia kusawazisha nyakati katika tafsiri. Tena tunawapa fomu yenye sehemu tatu: mwanzo, kati, mwisho. Fomu hiyo imo katika idara yetu hadi leo, na mimi ni mmoja wa walioiandaa.

Nilimtafuta mwanafunzi yule mwaka jana. Sasa ni mwalimu wa shule ya upili. Bibi yake amekwisha fariki, na simu iliyokuwa na sauti yake ilipotea zamani. Nakala pekee iliyobaki ni ile karatasi niliyoisahihisha, ambayo mama yake aliihifadhi pamoja na vyeti. Alikubali kuileta. Aliniuliza kama nitataka kuinakili upya ili kuondoa wino mwekundu, nami nikamwambia iwekwe katika hifadhi ya idara kama ilivyo, pamoja na lile neno nililolikata, ambalo bado linasomeka.